Jogoo mweupe, vifaranga wekundu

Tuseme mtu wa Same mjini, huku Upare, ameagiza jogoo Silkie kutoka kwa wafugaji wa kuku wa mapambo wa Arusha au Dar es Salaam. Jogoo anafika kwa basi, ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Ni mweupe, ana kishungi kinachomziba macho, manyoya yake ni laini na hayashikani, na ukiyafunua ngozi ni nyeusi tii. Amenunuliwa kwa bei ambayo mwenyewe hataki itajwe mbele ya mkewe. Anawekwa pamoja na matetea watano wa kienyeji, mayai yanaatamiwa, na siku ya 21 vifaranga wanatoka. Wiki zinapita, manyoya yanaota: huyu mwekundu, yule mweusi, mwingine rangi ya majani makavu. Mweupe hakuna hata mmoja. Mwenye manyoya ya hariri hakuna hata mmoja. Hapo ndipo jogoo wa jirani anapoanza kutajwa.

Watanzania wana utani wa siku nyingi kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wapare wenyewe huusimulia kwa raha zao, kwa hiyo sioni sababu ya mimi kuuogopa. Kesi hii ikifika baraza la kata, mlalamikaji ataeleza kwamba jogoo wake mweupe hawezi kuzaa vifaranga wekundu, na mshtakiwa, mwenye jogoo mwekundu wa kuzurura, atakuwa na kazi ngumu ya kujitetea. Lakini anaweza kushinda kwa ombi moja tu: vifaranga waletwe, wahesabiwe vidole.

Kuku wa kawaida ana vidole vinne kila mguu. Silkie ana vitano, na jeni ya kidole cha tano ni ya kutawala: nakala moja kutoka kwa baba kwa kawaida inatosha kukionesha. Kishungi nacho huonekana mapema, walau kidogo, na manyoya ya miguuni vilevile. Kama vifaranga wale wekundu wana vidole vitano na kishungi kifupi, baba yao ni Silkie, na jirani arudi nyumbani.

Kilichompotosha mlalamikaji ni kutazama sifa mbili ambazo hujificha. Kifaranga hupokea nakala moja ya kila jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Unyoya wa kuku wa kawaida una vijiti vyembamba vyenye ndoano ndogo sana zinazovishikanisha, ndiyo maana unyoya ni bapa na maji huteleza juu yake. Silkie hana ndoano hizo. Mwaka 2014 watafiti walionesha kwamba chanzo ni badiliko dogo karibu na jeni iitwayo PDSS2, nalo hufanya kazi pale tu kifaranga anapolipokea kutoka pande zote mbili. Ukiwa na nakala moja ya hariri na moja ya kawaida, unaota manyoya ya kawaida, na hariri unaibeba bila mtu kuiona.

Weupe wa Silkie mara nyingi ni wa namna hiyohiyo. Rangi ya manyoya hutokana na melanini ya aina mbili, nyeusi na ya wekundu, na mwili unahitaji kimeng'enya maalumu ili kuzitengeneza. Kwa kuku mweupe wa aina hii jeni ya kimeng'enya hicho imeharibika. Anayo maagizo yote ya rangi, ya wekundu au weusi au madoa, ila hana wino wa kuyaandika. Mama wa kienyeji anapochangia nakala nzima moja, wino unapatikana, na maagizo yaliyolala vizazi kadhaa yanajitokeza mgongoni mwa kifaranga. Kwa hiyo mweupe aliyezaa wekundu hakudanganywa na mtu.

Anayetaka hariri irudi asikate tamaa mapema. Akimpandisha jogoo Silkie kwa binti zake hao wenye manyoya ya kawaida, takriban nusu ya vifaranga watakuwa na hariri, na takriban robo watakuwa na hariri pamoja na weupe. Akipandisha kaka na dada wa uzao ule wa kwanza, hariri itaonekana kwa robo, lakini hariri na weupe pamoja ni kifaranga mmoja tu kati ya 16. Hesabu hizi hutimia kwenye vifaranga wengi. Kwenye mtotoo mmoja wa vifaranga nane unaweza kupata watatu au usipate hata mmoja. Kuwapandisha ndugu mara moja kwa lengo maalumu kunavumilika. Kufanya hivyo mwaka hadi mwaka kunaleta mayai yasiyoanguliwa na vifaranga dhaifu, na hilo halihitaji maabara kulithibitisha.

Ngozi nyeusi ya Silkie ndiyo yenye kisa kitamu kuliko yote. Mwingereza William Bateson alikuwa amekwisha kutumia upanga wa kuku, mwaka 1902, kuonesha kwamba kanuni ambazo Gregor Mendel alizipata kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Mwaka 1911 yeye na mwenzake Reginald Punnett wakatoa andiko zima kuhusu weusi wa Silkie. Walikuwa wamewachanganya Silkie na Leghorn wa kahawia, na matokeo yalitegemea nani baba, nani mama. Jogoo Leghorn juu ya tetea Silkie alitoa vifaranga wenye weusi kidogo tu, dume kwa jike. Jogoo Silkie juu ya tetea Leghorn alitoa majogoo wenye weusi kidogo na matetea weusi hasa. Ndoa ileile, imegeuzwa tu, na watoto wakawa tofauti.

Ufafanuzi wake ndio msingi wa karibu kila hila ya rangi anayoweza kuitumia mfugaji. Kwa binadamu baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku ni mama. Jogoo ana kromosomu mbili za aina ya Z. Tetea ana Z moja na W moja. Z yake humpa mtoto wa kiume, W humpa wa kike. Maana yake binti hapati Z yoyote kwa mama. Sifa zote zilizoko kwenye Z huzichukua kwa baba peke yake. Matetea wengi wenye miguu myeupe au ya manjano wana kwenye Z jeni inayouzuia weusi usiingie kwenye ngozi. Mtoto wa kiume hurithi kizuizi hicho kwa mama. Wa kike hakipati, na kama baba ni Silkie, ambaye hana kizuizi, weusi unapita bila kuzuiwa.

Kwa mfugaji wa Same hii ina faida ya mkononi. Jogoo Silkie akiwekwa na matetea wenye miguu ya manjano, vifaranga wenye uso na miguu myeusi ni matetea, na wenye weusi hafifu ni majogoo. Utawatenganisha miezi kabla ya wa kwanza kuanza kujifunza kuwika. Sharti ni kwamba mama asiwe na miguu ya kijani kibichi iliyokolea au ya bluu, kwa sababu huyo mara nyingi kizuizi hana, na vifaranga wote watakuja weusi.

Hila ya pili haihitaji Silkie kabisa. Kwenye mabanda mengi ya chotara utamkuta tetea wa milia, yule ambaye kila unyoya wake una mistari ya weusi na weupe, mara nyingi kwa damu ya Plymouth Rock. Jeni ya milia iko kwenye Z na ni ya kutawala. Mpandishe kwa jogoo asiye na milia, mweusi au mwekundu. Milia ya mama itakwenda kwa watoto wa kiume tu. Wakianguliwa, vifaranga wengi watakuwa weusi, na wa kiume watakuwa na doa jeupe utosini. Wa kike hawana. Ukigeuza, baba akawa wa milia na mama asiwe nayo, hila inakufa: milia inakwenda kwa wote. Wafugaji wengi hujaribu upande huo usiofaa kisha husema kitabu kimewadanganya.

Punnett alilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kikiwa haba Uingereza, alipendekeza rangi zitumike kuwatambua majogoo siku ya kwanza ili wasile nafaka bure. Kufika mwaka 1930 yeye na Michael Pease walikuwa wamekwisha kutengeneza kuku waitwao Cambar, ambao vifaranga wao hujitambulisha jinsia kwa rangi kizazi baada ya kizazi. Kuku wa mayai wa kahawia wanaouzwa leo na mawakala wetu wanatokana na fikra hiyohiyo: baba wa rangi ya dhahabu, mama wa rangi ya fedha, binti wote kahawia, kaka zao wote weupe au wa krimu. Kiwandani wanawatenganisha kwa kuwatazama tu. Kwa hiyo ukiletewa vifaranga weupe wa bei ya kutupa, ukaambiwa ni chotara wa kukua haraka, uliza kwanza kama si hao kaka wa kuku wa mayai. Watakula chakula chako kwa miezi na mwili hawatajenga.

Hapa nafika kwenye jambo linalonisumbua zaidi, yaani sokoni. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Moshi inapita Hedaru, Makanya na Same, na kuku wa Upare hushuka nayo. Mnunuzi wa mjini ana kanuni yake moja: kuku mweupe ni wa kisasa, mwekundu au wa madoadoa ni wa kienyeji, na wa kienyeji analipiwa zaidi kwa sababu ya ladha. Kanuni hiyo ilikuwa na mantiki zamani, wakati kuku wa nyama karibu wote walikuwa weupe na wa vijijini wa kila rangi. Siku hizi haina.

Kuku aitwaye Kuroiler alitengenezwa India na kampuni ya Kegg Farms kwa ajili ya kufugwa vijijini, na manyoya yake ni ya rangi mchanganyiko ili mwanakijiji amwone kuwa wa kwake na ili asionekane kwa urahisi na adui. Sasso wa Ufaransa ni mwekundu. Wote wawili walifanyiwa majaribio Tanzania katika mradi wa kuboresha kuku wa Afrika ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI kuanzia miaka ya 2014 na 2015, na sasa wamesambaa nchini. Ni kuku wazuri. Wanakua haraka na wanataga mara kadhaa zaidi ya kuku wetu, ambaye hutaga mayai kumi na kitu kwa mtago, mitago mitatu au minne kwa mwaka. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayemwita Sasso "kienyeji pyua" kwa kuwa ni mwekundu, na mnunuzi anayekubali kwa sababu hiyohiyo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walipowachunguza kuku wa asili wa nchi hii miongo miwili iliyopita, waliwatambua kwa majina kama Kuchi, Ching'wekwe, Singamagazi na wa Mbeya. Kuchi ni mrefu, mzito, shingo imesimama, tabia ya kupigana. Ching'wekwe ni mfupi. Umbo na uzito ndivyo vilivyowatofautisha. Rangi ndani ya kila kundi ni mchanganyiko. Anayetaka kujua kama kuku ni wa kienyeji amtazame miguu, upana wa kifua, umri aliofikia kwa uzito ule, na amuulize muuzaji kama mama yake huatamia. Kuroiler haatamii. Swali hilo moja lina ushahidi kuliko manyoya yote.

Rangi ina wateja wengine ambao nao wanaathiri banda. Yuko anayekuja kutafuta jogoo mwekundu mtupu, au kuku mweusi asiye na doa hata moja, anatoa bei nzuri na hasemi kwa nini. Muuzaji naye haulizi. Yuko mwewe, mteja asiyelipa, ambaye humwona kifaranga mweupe kwenye udongo mwekundu wa Same akiwa mbali. Tetea wa rangi ya majani makavu ndiye anayefanana zaidi na mama wa kuku wote, ndege wa msituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye dume lake ni mwekundu mwenye kifua cheusi na mkia unaong'aa kijani. Ukimwona jogoo wa namna hiyo amepanda juu ya kichuguu pembeni ya Mkomazi, umeona vazi ambalo kuku alikuwa nalo kabla mtu hajamfuga.

Kuku wa kijivu nao wanawachosha watu bure. Kijivu cha bluu ni nakala moja ya jeni inayopunguza weusi. Kijivu kwa kijivu huzaa nusu kijivu, robo weusi, robo weupe wenye matone. Huwezi kupata kundi linalozaa kijivu kitupu hata ukijaribu maisha yako yote. Lakini mweusi kwa yule wa matone huzaa kijivu peke yake.

Na jogoo mweupe usiyejua asili yake, mpime kwa tetea mweusi asiye na weupe. Vifaranga wote wakiwa weupe, pengine na vidoa vichache vyeusi, weupe wake ni ule wa kutawala, kama wa Leghorn. Wote wakiwa na rangi, weupe wake ni ule wa kujificha, kama wa Silkie wetu. Wakigawanyika nusu kwa nusu, ana nakala moja tu ya weupe unaotawala.

Majaribio haya yote yana adui mmoja, nalo ni uwanja ulio wazi. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Ukimfungia leo na jogoo mpya, mayai ya kesho bado ni ya jogoo wa zamani. Subiri wiki tatu ndipo uanze kukusanya mayai ya kutotolesha. Banda dogo la fito na wavu linatosha, daftari la shule linatosha, na pete ya plastiki ya rangi mguuni mwa kila kifaranga huzuia ubishi wa nani ni mtoto wa nani.

Tusisahau pia kwamba Upare si mahali pamoja. Bondeni, kuanzia Hedaru na Makanya hadi Kisiwani na Ndungu, tatizo la kuku ni joto. Ukipanda Suji, Mbaga au Chome, karibu na kilele cha Shengena kinachopita meta 2,400, tatizo ni ukungu, mvua na baridi. Silkie, kwa kukosa zile ndoano, hulowa hadi kwenye ngozi. Milimani atakaa ndani msimu wote wa mvua au atakufa, na kishungi kikimziba macho hamwoni mwewe hata siku ya jua. Kama kuna sababu ya kumfuga nje ya urembo, ni tetea wake, anayeatamia kwa uvumilivu mkubwa na kupokea mayai ya kuku yeyote. Ukimleta kutoka mbali, mtenge kwanza na kundi lako, na hakikisha kundi limechanjwa mdondo. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu.

Lakini jeni ya manyoya yenye thamani bondeni tunayo tayari, na tunaidharau. Kishingo, yule wa shingo tupu, ana manyoya pungufu mwili mzima, si shingoni tu: takriban asilimia 20 akiwa na nakala moja, hadi asilimia 40 akiwa na mbili. Joto linatoka, kuku anaendelea kula na kukua wakati wenzake wamelala kivulini wakihema. Mwaka 2011 watafiti walieleza jinsi jeni hiyo inavyouzima unyoya kuanzia kwenye ngozi ya shingo. Nakala zake unaweza kuzihesabu kwa jicho: mwenye moja ana kifungu cha manyoya mbele ya shingo, mwenye mbili shingo ni tupu kabisa. Kidimu, yule wa manyoya yaliyopindukia nje, naye hupoza mwili, ila usimpandishe kidimu kwa kidimu. Robo ya watoto watapata nakala mbili na manyoya yao yatakatika hadi wabaki karibu uchi. Mpe tetea wa manyoya laini ya kawaida, nusu ya vifaranga watakuwa vidimu wazuri.

Kwa hiyo kama uko Hedaru, Makanya au Kisiwani na una jogoo kishingo mwenye mwili mzuri, usimpeleke sokoni kwa sababu mnunuzi amemcheka shingo. Mfungie na matetea wako bora, rangi yoyote waliyo nayo, subiri wiki tatu, kisha anza kukusanya mayai.